Bajeti ya Giza na Mbalamwezi: Hotuba kwa Wanachama wa Vikundi vya Kuweka na Kukopa, Kigoma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wa vikundi mliotoka Kibirizi, Katonga, Gungu na Ujiji, wazee wangu, kina mama, kina baba na vijana, mwakeye. Asalaam aleykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie kupunguza matumizi ya nyumbani ili tupate cha kulipia madeni, na nimepewa nusu saa. Mwalimu wa hisabati aliyestaafu akikabidhiwa kipaza sauti ni vigumu kumnyang'anya, kwa hiyo Mwenyekiti nimempa ruhusa ya kunikatiza muda utakapokwisha.

Bajeti nyingi tunazofundishwa kwenye semina zimetungwa kwa ajili ya mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, ambaye anajua kabisa kwamba tarehe fulani fedha itaingia, kisha anaigawa: hii ya kodi ya nyumba, hii ya chakula, hii ya ada, hii ya akiba. Mafundisho hayo ni mazuri, na watumishi waliomo humu wayafuate. Lakini wengi wenu mliokaa mbele yangu hamna mwisho wa mwezi wa namna hiyo. Mwezi wenu ni ule wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola, na taa hizo hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo katika kila mzunguko wa siku 29 au 30 kuna siku saba, nane, hata kumi ambazo vipe, yaani vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, vinalala ufukweni na wavuvi wanashona nyavu. Na mwalo ukilala, anayesinzia si mvuvi peke yake. Mama anayeanika dagaa, kijana wa kubeba makasha, mama ntilie, mwenye bodaboda, fundi cherehani wa Mwanga, wote wanaiona mbalamwezi mifukoni mwao.

Pamoja na hayo, mikopo tunayochukua ina kalenda nyingine kabisa. Marejesho ni kila Jumatatu au kila mwisho wa mwezi, na anayekuja kudai hatazami angani kabla ya kubisha hodi. Kwa maoni yangu hapo ndipo madeni mengi ya mji huu yanapozaliwa. Tunaambiwa kwamba watu wa Kigoma hatujui kutunza fedha, jambo ambalo silikubali, kwa sababu nimetunza hesabu za vikundi kadhaa tangu nilipostaafu na nimeona wanawake wasiomaliza darasa la saba wakikumbuka kila shilingi. Shida ni kwamba tunaishi kwa kiwango cha siku za giza, wakati fedha ipo, kisha tunakopa ili kuvuka siku za mbalamwezi, na deni la mbalamwezi linakuja kula fedha ya giza linalofuata.

Naomba tuzichukue namba. Huu ni mfano nilioupanga mwenyewe kwa namba nyepesi, lakini mtajitambua. Mama ni mchuuzi wa dagaa wa Katonga, na ana watoto wanne. Katika siku 20 za giza, baada ya kutoa mtaji, nauli na ushuru, anabaki na faida ya shilingi 420,000. Katika siku tisa za mbalamwezi anauza dagaa wakavu aliowaweka, anapata faida ya 40,000. Jumla ni 460,000. Ana madeni mawili: amekopa 300,000 kwa mtu wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ambako kila mwezi anapeleka 60,000 na deni halipungui hata shilingi moja, na ana mkopo wa kikundi anaorejesha 50,000 kwa mwezi. Hiyo ni 110,000 inayotoka kabla ya mtoto kula.

Sasa tuangalie nyumbani. Siku za mbalamwezi, kwa kuwa hana, anatumia shilingi 10,000 kwa siku, na nyumba inakwenda: ugali unapikwa, dagaa na mchicha vipo, sabuni ipo, mtoto anakwenda shule. Siku za giza anatumia 14,500 kwa siku. Ukimwuliza hiyo 4,500 ya ziada inakwenda wapi, atakwambia haoni, naye hasemi uongo, maana haiendi mahali pamoja. Ni nyama nusu kilo mara mbili kwa wiki, kwa sababu anayeshinda na dagaa hataki kula dagaa. Ni bodaboda ya kutoka Katonga hadi Mwanga badala ya daladala. Ni bando la siku linalonunuliwa kila asubuhi, soda ya mgeni, na kitenge cha kulipia kidogo kidogo kwa jirani anayepita na furushi. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni dhambi.

Ukijumlisha, siku za giza nyumba inakula 290,000 na siku za mbalamwezi inakula 90,000, yaani 380,000. Weka na 110,000 ya madeni, unapata 490,000. Aliingiza 460,000. Kila mzunguko anapungukiwa 30,000, na hiyo 30,000 ndiyo anayoikopa tena, ama dukani kwenye daftari, ama kwenye simu.

Mama huyu hahitaji kupunguza kiwango chake cha chini, kwa sababu kile cha 10,000 ameshakiishi kila mzunguko na anajua kinawezekana. Anachohitaji ni kuishi kwa kiwango cha mbalamwezi siku zote 29. Nyumba itakula 290,000 badala ya 380,000, na 90,000 itabaki. Ukitoa ile 30,000 ya upungufu, kuna 60,000 safi ya kupunguza deni lenyewe. Mwezi wa kwanza anampelekea mkopeshaji 120,000: 60,000 ni riba na 60,000 inapunguza deni, linabaki 240,000. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 48,000, kwa hiyo katika 120,000 ileile 72,000 inakwenda kwenye deni, linabaki 168,000. Mwezi wa tatu riba ni 33,600 na deni linashuka hadi 81,600. Mwezi wa nne anatoa 97,920 na amemaliza. Miezi minne tu, kwa mtu ambaye kwa utaratibu wake wa zamani angelipa 60,000 kila mwezi mpaka mjukuu wake aolewe.

Najua mnachotaka kuniuliza, kwa sababu kina mama wa Kibirizi waliniuliza kabla hata sijamaliza kuandika ubaoni: je, akikataa kupokea nusu nusu? Wapo wanaokataa. Wanataka riba kila mwezi na deni lote kwa mkupuo, kwa kuwa biashara yao ni riba, na mteja anayemaliza deni ni mteja aliyepotea. Kwa mtu wa namna hiyo, ile 60,000 usiiache kwenye kopo la nyumbani. Iweke kwenye sanduku la kikundi ambalo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Ikikusanyika kiasi, ombeni kikundi kiwakopeshe sehemu iliyobaki kwa riba yenu ndogo, mkaufunge ule mkopo mkubwa siku moja, mbele ya shahidi, na karatasi mliyotia saini irudi mikononi mwenu au ichanwe mkiona. Ninasisitiza kwamba mkopo wa kikundi utoke siku hiyohiyo uende kufunga deni. Ukilala nao ndani usiku mmoja, asubuhi utakuwa umekwisha kuwa mabati.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa ufupi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa wanaotoa huduma hizi katika madaraja manne. Kampuni na watu wanaokopesha bila kupokea amana wako daraja la pili, SACCOS ziko daraja la tatu, na vikundi vyetu hivi viko daraja la nne, na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Kwa daraja la pili, Benki Kuu imeweka ukomo kwamba riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Ule mkopo wa 300,000, kwa asilimia 3.5, unazaa riba ya 10,500 kwa mwezi. Kwa asilimia 20 unazaa 60,000. Mnaposikia watu wakiita mikopo fulani kausha damu, tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo damu yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mwombe mkopeshaji akuoneshe leseni, kisha mwulize maswali mawili. La kwanza: riba inapigwa kwenye deni lote la mwanzo au kwenye deni lililobaki? La pili: ukiacha riba, kuna ada ya fomu, ya bima, ya ufuatiliaji na faini ya kuchelewa kiasi gani? Wajanja hutangaza riba ndogo na kuificha kubwa ndani ya ada. Kuhusu mikopo ya kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, zikiwemo zile zinazosoma namba zote za simu yako na kumtumia ujumbe wa kukudai mkweo. Mtu akikopa humo anaweka rehani heshima yake yote kwa shilingi elfu hamsini.

Watumishi, hasa walimu wenzangu na wauguzi, nina neno moja kwenu. Utaratibu wa makato unataka mtumishi abakiwe na walau theluthi moja ya mshahara wake, na kinga hiyo iliwekwa kwa ajili yenu. Anayekwenda mtaani kumkabidhi mtu kadi ya benki pamoja na namba ya siri, ili tarehe ya mshahara yule mtu asimame kwenye mashine kabla yake, ameivunja kinga hiyo kwa mkono wake, na hakuna bajeti ninayoweza kumwandikia mtu ambaye mshahara wake unachukuliwa na mwingine. Nendeni benki, badilisheni namba ya siri au ombeni kadi mpya, kisha mkae na huyo mdai mkubaliane marejesho kwa maandishi. Deni litabaki kuwa deni na litalipwa, ila mshahara uingie kwanza mikononi mwa aliyeufanyia kazi.

Nirudi nyumbani, kwenye matumizi, na nianze na umeme kwa sababu ndio unaoleta ugomvi kwenye nyumba za kupanga. Mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na akijumlisha vyote ni 122. Mteja wa daraja la kawaida analipa 292, ambayo kwa jumla ni kama 356. Ndiyo maana mmoja ananunua umeme wa shilingi elfu moja anapata uniti nane na kidogo, na jirani yake kwa elfu moja ileile anapata mbili na nukta nane, kisha anadhani ameibiwa. Hakuna aliyemwibia. Kaya tano zinapochangia mita moja, matumizi yao yote yanahesabiwa kuwa ya mteja mmoja, yanavuka 75, na wote watano wanalipa bei ya juu, hata yule bibi mwenye taa mbili na redio.

Kuna watu wamewashauri wapangaji wakope ili kila mmoja awe na mita yake. Mimi siwashauri. Kuunganishiwa umeme mjini ni shilingi 320,960. Kaya inayotumia uniti 50 ikihamia bei ndogo itaokoa kama shilingi 11,700 kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo mita itarudisha gharama yake baada ya miaka miwili na zaidi, wakati mpangaji huenda ameshahama na mita imebaki kwa mwenye nyumba. Hilo ni jambo la mwenye nyumba, kaeni naye mlizungumze. Wenye nyumba zao, lenye maana ni kuhakikisha hamvuki uniti 75, kwa sababu uniti ya 76 na zinazofuata zinatozwa shilingi 350 kabla ya kodi. Pasi ya umeme, jiko la umeme na birika ndivyo vinavyowavusha. Taa za kisasa na chaja ya simu hazina shida.

Katika umeme huohuo kuna shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi mnaponunua LUKU. Hiyo ni kodi ya jengo, 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na anayepaswa kuibeba ni mwenye jengo. Mpangaji unayeinunulia LUKU nyumba isiyo yako, tunza ujumbe wa simu unaoonesha makato, na siku ya kulipa kodi ya chumba mkae mpatane. Ni fedha ndogo, ndiyo, lakini ni debe la mahindi kwa mwaka au zaidi kidogo, kutegemea msimu.

Makaa, mafuta na sukari nitavipitia haraka. Kila mtu humu anajua kwamba anayenunua makaa kwa kopo anamlipa muuzaji bei ya gunia na nusu kabla gunia halijaisha, na kwamba mawese ya dumu ni nafuu kuliko ya chupa ndogo. Hatukosi elimu, tunakosa fedha ya mkupuo. Kwa hiyo kikundi kinunue kwa pamoja siku za giza, gunia kwa watu watatu, dumu la mawese kwa watu wanne, mgawane siku hiyohiyo, na hapo nyumba itavuka mbalamwezi ikiwa na moto na mafuta. Vivyo hivyo kwenye simu: kutoa shilingi elfu tano mara kumi kunakula makato mengi kuliko kutoa elfu hamsini mara moja.

Kuna jambo ambalo viongozi wa dini waliopo wanisamehe nikiligusa, nalo ni michango. Rambirambi siwezi kuigusa. Msiba ni wetu sote. Lakini kadi za michango ya harusi, za kumpeleka mtoto wa mtu chuoni, za kumuaga bosi anayehamia mkoa mwingine, zikija nne kwa mwezi zinafikia kiasi cha rejesho zima la mkopo. Nimeshuhudia mtu akikopa ili atoe mchango, na kamati ikamshangilia. Pangeni kiasi cha mzunguko mzima, kwa mfano shilingi 10,000, na kikiisha mwambieni mwenye kadi kwamba mtafika kuosha vyombo na kupika pilau. Atakayenuna kwa sababu hiyo, acheni anune.

Lipo pia lile tulilolipata mwaka 2024, uvuvi ulipopumzishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sijaja kujadili uamuzi huo; mimi nautazama kama mtunza hesabu. Mbalamwezi ya siku tisa iligeuka kuwa ya miezi mitatu, na waliokuwa wamesaini marejesho ya kila wiki mwezi wa Aprili ndio walioumia kuliko wote. Kwa hiyo, unapokopa kwa ajili ya biashara ya dagaa, mkataba ukubali kwamba siku za mbalamwezi rejesho ni dogo au halipo, na siku za giza ni kubwa. Vikundi vyenu mnaweza kuyabadilisha masharti hayo kwenye katiba zenu katika mkutano mmoja tu, hamhitaji kibali cha Dodoma. Nashangaa kwamba vikundi vya watu wa mwaloni bado vinatoza rejesho lilelile kila wiki kama vile vinawakopesha makarani.

Na mgawo wa mwisho wa mwaka, mnapovunja kikundi mwezi wa Desemba, usiingie nyumbani kabla ya kupita kwa mdai. Elimu ni bila ada tangu 2016, lakini sare, madaftari na viatu vya Januari hununuliwa kwa fedha, na mwenye deni la asilimia 20 anayegawana Desemba na kununua makochi atakuwa amekopa tena kabla shule hazijafunguliwa. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri isiyo na riba, iliyorejeshwa mwaka 2024, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ombeni kwa vikundi vyenu, lakini kwa ajili ya mtaji. Ukiichukua ukalipia deni la mtu mmoja, wenzako wote wa kikundi watadaiwa pamoja nawe.

Mwenyekiti ameshanitazama mara mbili. Pale mlangoni nimeacha karatasi zenye safu nne: jina la anayekudai, kiasi kilichobaki, riba kwa mwezi kwa shilingi, na kama anashikilia kitu chako chochote, kiwe kadi, hati ya kiwanja au mashine ya cherehani. Jazeni nyumbani, baba na mama pamoja, pasipo kumficha mwenzako deni lolote. Anayeshikilia kitu chako mwandikeni juu kabisa, anayefuata ni mwenye riba kubwa, na daftari la dukani lisisahaulike. Mbalamwezi ijayo, vipe vikiwa vimelala na watu wana nafasi, leteni karatasi hizo kwenye mikutano ya vikundi vyenu, nami nitapita kikundi kwa kikundi tupige hesabu pamoja. Sasa naomba maswali, na ningependa tuanze na wale mliokaa nyuma kabisa.